Kamera ya Harusi: Nuru, Lenzi na Fedha ya Mnunuzi

Katika mji wa Kilosa, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, harusi ya Jumamosi hupita katika nuru za namna tatu kwa siku moja. Asubuhi maharusi wamo kanisani, au bwana harusi yumo msikitini akifungishwa nikahi, na nuru ipenyayo madirishani ni ya wastani. Mchana jamaa hutoka nje kupigwa picha za pamoja, na jua limesimama utosini. Usiku sherehe huhamia ukumbini, pengine hata Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Iringa. Huko taa ni chache, nyingine za rangi, na wageni hawatulii mahali pamoja. Mpiga picha ni yule yule na kamera ni ile ile. Akikosea, hapana wa kumrudishia saa: pete haivishwi mara ya pili kwa ajili ya picha.

Ichukuliwe, kwa mfano, kijana aliyemaliza kidato cha nne, mwenye akiba ndogo na mkopo wa kikundi, anayetaka kuanza kazi ya picha za harusi na picha za sura katika wilaya hii. Dukani ataonyeshwa kwanza bodi ya kamera, na ataambiwa idadi ya megapikseli zake kana kwamba hiyo ndiyo sifa inayotosha. Swali lililo mbele yake ni moja: fedha hiyo igawanywe vipi? Jibu lake halimo katika matangazo ya biashara. Limo katika fizikia ya sekondari, na mwanafunzi yeyote awezaye kupata kipeuo cha pili cha namba anaweza kulitafuta mwenyewe.

Megapikseli zimalizwe upesi, maana hazina mengi. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha yenye nukta 6,000 kwa 4,000. Picha hiyo ikichapwa kwa ukubwa wa sentimita 45 kwa 30, ambao ni mkubwa kuliko kurasa za albamu nyingi, kila sentimita hupata nukta 133, na jicho la mtu anayeitazama picha mkononi halidai zaidi. Kamera ya megapikseli 45 huongeza nukta za upande mmoja kwa mara 1.37 tu, kwa kuwa idadi nzima ni zao la pande mbili. Tofauti hiyo haionekani katika albamu ya harusi, ila bei yake huonekana mara moja.

HESABU YA UKUMBINI

Nuru hupimwa kwa kipimo kiitwacho luksi. Jua la adhuhuri lisilo na mawingu hutoa luksi zipatazo 100,000. Ukumbi wenye taa hafifu waweza kuwa na luksi 50 tu, yaani sehemu moja katika 2,000. Jicho la binadamu hujirekebisha, na kwa hiyo mtu aingiapo ukumbini haoni kwamba tofauti ni kubwa kiasi hicho. Kamera haina huruma hiyo.

Kiasi cha nuru kinachofika kwenye sensa hutawaliwa na mambo mawili: ukubwa wa tundu la lenzi, na muda ambao shata hukaa wazi. Ukubwa wa tundu huandikwa kwa namna inayowatatiza wanaoanza. Alama f/5.6 maana yake ni kwamba kipenyo cha tundu ni urefu wa fokasi uliogawanywa kwa 5.6. Lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa hadi f/5.6 ina tundu la kipenyo cha milimita 8.9, ikifunguliwa hadi f/1.8 kipenyo huwa milimita 27.8. Namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa, na nuru hufuata eneo la tundu, yaani mraba wa kipenyo. Uwiano wa matundu haya mawili ni 5.6 kwa 1.8, na mraba wake ni 9.7. Lenzi ya pili huingiza nuru karibu mara kumi ya ile ya kwanza.

Lenzi inayouzwa pamoja na kamera nyingi za bei nafuu ni ya milimita 18 hadi 55, na inaposogezwa karibu na milimita 50 haifunguki kupita f/5.6. Katika ukumbi wa luksi 50, kamera ikiwekwa kwenye wepesi wa ISO 1600, lenzi hiyo hudai shata ikae wazi sehemu moja ya kumi ya sekunde. Bibi harusi anayetembea kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde atakuwa amesogea sentimita 10 kabla shata haijafungwa. Akiwa anapita mbele ya kamera kwa umbali wa mita 4, sura yake katika sensa itasogea milimita 1.25, ambazo ni nukta zaidi ya 300 katika picha ya nukta 6,000. Hiyo si picha ya mtu. Ni mfuto wa kitambaa cheupe. Kwa lenzi ya f/1.8 muda huo huo unashuka hadi sehemu moja ya mia, na mfuto hupungua kufikia nukta 30 hivi. Kwa mtu anayekuja taratibu kuielekea kamera unatosha. Kwa anayecheza muziki bado hautoshi, na hapo hapana budi ISO ipandishwe hadi 3200 au zaidi, hata picha ikiwa na chengachenga kidogo. Chenga zinavumilika, uso uliofutika hautengenezeki.

Muda wa sehemu moja ya mia una faida nyingine. Umeme wa Tanzania hugeuka mara 50 kwa sekunde, na taa nyingi zilizounganishwa nao hupwesa mara 100 kwa sekunde. Shata inayokaa wazi kwa sehemu moja ya mia hukusanya mpweso mmoja kamili kila mara. Ikiwa ya haraka zaidi, huenda picha moja ikawa angavu na inayofuata nyeusi, au ikatokea mistari ya giza kuvuka gauni. Mpiga picha asiyejua sababu hulaumu kamera na kwenda kununua nyingine.

Sasa inawezekana kulinganisha bei na faida. Kamera za kawaida zina sensa ya milimita 23.5 kwa 15.6. Kamera za ghali zina sensa ya milimita 36 kwa 24, sawa na ukubwa wa picha moja katika filamu za zamani za milimita 35. Maeneo ya sensa hizo ni milimita za mraba 367 na 864, na uwiano wake ni 2.36. Hivyo ndivyo sensa kubwa inavyozidi kukusanya nuru, mambo mengine yakiwa sawa. Lakini lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo kwa kampuni nyingi ndiyo lenzi rahisi kuliko zote, huleta mara 9.7. Kijana anayeweka fedha yake yote katika bodi yenye sensa kubwa na kuifunga lenzi ya f/5.6 amenunua faida ndogo kwa bei kubwa, na ile kubwa ameiacha rafuni.

USO, PUA NA UMBALI

Watu wengi husema kwamba lenzi fulani hunenepesha uso. Lenzi haihusiki, kinachohusika ni umbali. Ncha ya pua ya mtu mzima ipo kama sentimita 12 mbele ya masikio. Kamera ikiwa sentimita 40 mbele ya pua, masikio yapo sentimita 52, na pua huonekana kubwa mara 1.3 ikilinganishwa na masikio. Kamera ikirudishwa mita 2, uwiano ni 212 kwa 200, yaani 1.06, na uso hurudi kuwa ule ambao mama mzazi anaujua. Ndiyo maana picha ya simu iliyopigwa kwa mkono ulionyoshwa humfanya mtu ajione mgeni machoni mwake.

Kazi ya lenzi, basi, ni kumwezesha mpiga picha asimame mita 2 na bado ajaze picha. Lenzi ya milimita 50 kwenye sensa ya kawaida, kamera ikisimamishwa wima, hushika kimo cha sentimita 94 kwa umbali huo: mtu kuanzia kiunoni kwenda juu, pamoja na nafasi kidogo kichwani. Kwa picha za sura hicho ndicho kipimo kinachohitajika. Kwenye sensa kubwa kazi hiyo hufanywa na lenzi ya milimita 85, ambayo kwa kawaida bei yake imepanda pia.

Ipo hadhari. Tundu kubwa hupunguza kina cha sehemu iliyo wazi. Kwa f/1.8 na umbali wa mita 2, kina hicho ni kama sentimita 12; jicho la mbele na sikio vyaenea humo, lakini mpambe aliyesimama hatua moja nyuma ya bibi harusi hayumo. Picha ya ukoo wenye safu tatu ipigwe kwa f/8, na kwa kuwa hupigwa nje mchana, nuru ipo tele. Huko ile lenzi ya milimita 18 hadi 55 iliyodharauliwa ukumbini hufanya kazi yake vizuri kabisa. Isiuzwe.

Mikumi huleta kishawishi cha namna yake. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ipo karibu, na katika tambarare ya Mkata twiga na tembo huonekana. Mpiga picha kijana akiona lenzi ndefu za watalii hutamani ya milimita 400. Kwa harusi haina kazi, na bei yake yaweza kuzidi vyombo vingine vyote alivyonavyo.

NGOZI NYEUSI, GAUNI JEUPE

Jambo hili halina budi kuelezwa kwa kirefu kidogo, maana ndipo picha nyingi za harusi huharibika, na vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa na watu ambao halikuwasumbua.

Kipimo cha nuru kilicho ndani ya kamera hakijui kinachotazama. Kimetengenezwa kudhani kwamba eneo lote lililo mbele yake, likichanganywa, hurudisha nuru kiasi cha wastani, karibu sehemu 18 katika 100. Gauni jeupe likijaza picha, kamera hudhani kwamba nuru ni nyingi mno na huipunguza. Gauni hutoka la kijivu, na uso wa bibi harusi huzama gizani. Kitambaa kikirudisha sehemu 80 katika 100 na ngozi ikirudisha 10, gauni ni angavu mara 8 ya uso. Mwongozo wa kamera mara nyingi haumtayarishi mnunuzi kwa hali hii.

Enzi za filamu shida ilikuwa kubwa zaidi. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi katika Marekani na kwingineko zilisawazisha mitambo yao kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley. Rangi ya ngozi yake ikitoka vizuri, mtambo ulihesabiwa kuwa sawa, na ngozi nyeusi ilitoka vyovyote itakavyotoka. Wapiga picha wa Afrika Mashariki walilazimika kujifundisha njia zao wenyewe. Studio kama Capital Art ya Zanzibar, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, zilipiga watu wa ngozi za kila namna, kwa sehemu kubwa katika picha za nyeusi na nyeupe, na maarifa ya kupanga taa yalikuwa ndiyo mtaji wa kazi hiyo.

Kwa kamera ya leo dawa ipo, nayo haiuzwi: mpiga picha aiambie kamera iongeze nuru daraja moja, au moja na nusu, kuliko inavyotaka yenyewe, kisha atazame kama urembo wa gauni bado unaonekana. Anaponunua, ahakikishe kwamba kamera huweza kuhifadhi picha katika hali ya RAW. Picha ya JPEG ina ngazi 256 tu za nuru kwa kila rangi. Picha ya RAW ya biti 14 ina 16,384, na ndani ya ngazi hizo uso uliozama huweza kuinuliwa baadaye bila kuvunjika rangi.

JUA LA UTOSINI NA TAA YA MKONONI

Kilosa ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo jua hupita utosini hasa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 11 Oktoba. Na kwa kuwa mji upo magharibi ya longitudo ambayo saa ya Afrika Mashariki huifuata, adhuhuri ya kweli haiji saa sita kamili. Mwezi Oktoba hukawia kama dakika 20, na mwezi Machi kama dakika 45. Hata mwezi Juni jua la mchana huwa kwenye pembe ya nyuzi 60. Wakati huo paji la uso hung'aa na macho huwa mashimo meusi mawili. Kamati ya harusi ikikubali kuahirisha picha za nje hadi saa kumi na nusu alasiri, shida huisha bila gharama. Aghalabu haikubali.

Kimbilio la wengi ni kivuli cha mwembe. Kivuli ni chema, lakini mwanafunzi atazame chini: vile vidoa vya nuru vilivyo duara si maumbo ya nafasi za majani. Kila upenyo mdogo baina ya majani hufanya kazi ya kamera ya tundu, na kila kidoa ni picha ya jua lenyewe. Picha hizo za jua hazipendezi shavuni mwa bibi harusi, kwa hiyo asogezwe palipo na kivuli kizito.

Chombo cha kununuliwa hapa ni flashi ya nje, ile inayopachikwa juu ya kamera na ambayo kichwa chake hugeuka. Nguvu yake huandikwa kwa namba ya mwongozo. Flashi ya namba 36 kwa ISO 100, kamera ikiwa f/11, hufika 36 gawanya kwa 11, yaani mita 3.3, hata mbele ya jua la mchana. Yatosha kujaza nuru machoni mwa watu wawili waliosimama pamoja. Haitoshi kwa ukoo mzima. Nuru ya taa ndogo hupungua kwa mraba wa umbali: kutoka mita 2 kwenda mita 4 haibaki nusu, inabaki robo.

Ukumbini flashi isielekezwe usoni moja kwa moja. Igeuzwe juu, igonge dari jeupe na kushuka imetawanyika. Lakini kumbi nyingi hazina dari. Zina mapaa ya bati yaliyo juu sana, na nuru ikienda huko hairudi. Kwa hiyo mwavuli mweupe wa picha na stendi yake si pambo. Ndiyo dari ya kuchukuliwa mkononi.

KUNUNUA KILICHOTUMIKA

Mwaka 1959 Nikon ilitoa kishikio cha lenzi aina ya F, na mwaka 1987 Canon ikatoa aina ya EF. Mwaka 2018 kampuni zote mbili zilianza vishikio vipya kwa ajili ya kamera zisizo na kioo cha ndani, na tangu hapo wapiga picha wengi wamekuwa wakiuza vyombo vyao vya zamani. Kwa kijana wa Kilosa hiyo ni heri. Kamera yenye kioo bado hupiga harusi vizuri, na lenzi zake zipo nyingi.

Mnunuzi auliza shata imefanya kazi mara ngapi. Shata za kamera nyingi hutengenezwa zikitarajiwa kudumu mara 100,000 hadi 150,000. Harusi moja ikiwa na picha 1,200, harusi 40 hufikia 48,000. Kamera iliyokwisha kufanya 90,000 yaweza kubaki na mwaka mmoja hivi wa kazi, au pungufu, na bei yake iseme hivyo. Lenzi imulikwe kwa tochi kutoka nyuma: nyuzi nyembamba mfano wa utando wa buibui ni kuvu, nao huota katika unyevu wa masika endapo lenzi imefungiwa mfukoni. Pakiti za silika jeli hukinga. Mchele, ambao watu husifu, hukausha kidogo na kutia vumbi zaidi. Ikiwa bodi ni ya Nikon ya madaraja ya chini, mfululizo wa D3000 au D5000, ifahamike kwamba haina mota ya kusogeza lenzi za zamani za AF-D. Lenzi itaingia sawasawa lakini fokasi itazungushwa kwa mkono, nalo si jambo la kugunduliwa madhabahuni.

Kadi za kumbukumbu ziwe mbili, na kamera inayoandika katika zote mbili kwa pamoja hustahili kuongezewa bei. Ikiwa kadi moja huharibika mara moja katika harusi 500, zote mbili kuharibika siku moja kwa sababu zisizohusiana ni mara moja katika 250,000. Hesabu hii hudanganya kamera ikiibwa, kwa maana kadi zote mbili zimo ndani yake. Picha zinakiliwe usiku ule ule, na kadi zilale pengine.

Kwa mafungu 100 ya fedha, yafaa bodi isizidi 40, lenzi ya f/1.8 ipate 15, flashi na mwavuli 20, kadi na betri za akiba 10. Mafungu 15 yaliyosalia ni ya kamera ya pili, hata ikiwa kuukuu sana, hata ikiwa ya kushirikiana na mpiga picha wa Mikumi kwa zamu. Wengi huona huo ni ubadhirifu. Lakini bodi ikizima katikati ya viapo, hakuna duka lililo wazi, na mkopo wa kikundi hulipwa kwa harusi zilizokwisha kupigwa, si kwa udhuru.

ZOEZI LA DARASANI

Kanuni ya mraba wa umbali yaweza kupimwa bila kamera. Chukua karatasi nyeupe, udondoshee tone la mafuta ya kupikia katikati, kisha uisimamishe kwenye chumba chenye giza. Weka mshumaa mmoja upande mmoja, sentimita 30 kutoka kwenye karatasi. Upande wa pili washa mishumaa minne iliyosogezwa pamoja, uivute mbali polepole huku mwenzako akitazama doa la mafuta. Nuru za pande mbili zikilingana, doa karibu litatoweka. Pima umbali wa mishumaa minne na uulinganishe na sentimita 60. Kisha eleza kwa hesabu mishumaa tisa ingewekwa wapi, na kwa nini flashi iliyotosha kwa maharusi wawili kwenye mita 2 itahitaji nguvu mara tisa kwa kwaya iliyosimama mita 6.